Pikapu Inapoanza Kunywa Mafuta: Pa Kuanzia Kutafuta

Maelezo yaliyotolewa kwa wakulima, wachuuzi wa viazi na wasafirishaji wa maziwa wa Nyandarua, katika mafunzo ya wenye magari madogo ya mizigo.



Pikapu ndiyo punda wa kaunti hii. Ndiyo inayokusanya maziwa Kinangop kabla ya jua kuchomoza, ndiyo inayoteremsha viazi na kabeji hadi Naivasha na Nairobi, na ndiyo inayokimbiza mgonjwa hospitalini usiku wakati hakuna gari lingine. Inapoanza ghafla kunywa mafuta kuliko ilivyozoea, faida ya safari hupotelea ndani ya tangi. Mwenye gari huja kugundua mwishoni mwa mwezi, hesabu zinapokataa. Kufikia hapo huwa tayari amemkasirikia dereva, au ameshanunua vipuri ambavyo gari halikuvihitaji.

Jambo la kwanza la kuuliza halihusu injini. Je, kilichoongezeka ni lita au ni shilingi? Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei za juu za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, na bei hizo hutumika kuanzia tarehe 15. Wengi hapa hununua mafuta kwa pesa: weka ya elfu moja, weka ya elfu mbili. Bei ikipanda, ile elfu mbili huleta lita chache zaidi, gari huzima mapema, na mwenyewe huapa kwamba injini imeharibika. Kumbe injini ni ile ile. Anayenunua kwa pesa bila kuandika lita hawezi kujua gari lake linakunywa kiasi gani, hata akiwa nalo miaka kumi.

Kipimo cha kweli ni rahisi na hakihitaji fundi. Gari lijazwe tangi mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe mara ya kwanza, bila kuongeza tone la kufunga hesabu. Kilomita zilizo kwenye dashibodi ziandikwe. Gari lifanye kazi yake ya kawaida mpaka tangi likaribie kwisha, kisha lijazwe tena, ikiwezekana kwenye pampu ile ile na mahali pale pale, kwa sababu gari lililoinama upande mmoja hujaa tofauti na lililo sawa. Kilomita zilizotembewa zigawanywe kwa lita zilizoingia mara ya pili. Basi.

Kwa nini tangi zima, si lita kumi na mbili za siku moja? Kwa sababu kujaza kuna kosa lake. Tuseme safari hii tangi limekatika mapema na pungufu ya lita 2. Kwenye hesabu ya lita 12, kosa hilo ni kama asilimia 17, na linatosha kumfanya dereva mwaminifu aonekane mwizi. Kwenye lita 60, kosa lile lile ni kama asilimia 3 tu. Na kipimo kirudiwe. Tangi moja linaweza kudanganya kwa sababu ya wiki ya mvua, barabara ya matope au mzigo mzito. Matangi mawili au matatu yakisema jambo moja, hilo ni la kuaminiwa.

Hebu uchukuliwe mfano wa mama anayekusanya maziwa kwa pikapu ya dizeli iliyozoea kwenda kilomita 12 kwa lita moja. Njia yake ya kila siku ni kilomita 108, kwa hivyo alizoea kutumia lita 9. Ghafla zikawa lita 12. Lita 3 zaidi kwa siku, siku 26 za kazi kwa mwezi, ni lita 78. Dizeli ikiwa Sh170, hizo ni Sh13,260 kila mwezi. Hiyo ni karo ya mtoto.

Watu wa kituo cha maziwa wana jibu tayari: dereva anauza mafuta. Na kweli wapo madereva wanaouza. Lakini hebu itazamwe ilivyo rahisi kumfukuza mtu kwa kosa la chuma. Mama anamwita: "Kijana wangu, lita tatu kila siku zinaenda wapi?" Naye anajibu, "Mama, mimi sijauza hata kikombe. Gari ni zito siku hizi, halitembei kama zamani." Maneno hayo ya mwisho yana thamani kuliko kiapo. Dereva anayekaa na gari kutwa husikia ugonjwa wake kabla ya mtu mwingine, na mwenye gari anayesikia utetezi tu hapo amekosa dalili ya bure.

Kuna njia ya kutenganisha wizi na ugonjwa bila kumtukana mtu. Mwenye gari ajaze tangi, apande mwenyewe, asafiri safari ndefu na kurudi, kisha ajaze tena kabla gari halijalala. Mama huyu wa mfano anapeleka viazi Nairobi Jumamosi, kilomita 270 kwenda na kurudi, na hashuki garini mpaka tangi lijazwe tena. Zinaingia lita 30. Hizo ni kilomita 9 kwa lita, sawasawa na siku za kazi. Mafuta hayakuibwa njiani, kwa maana yeye mwenyewe alikuwepo. Gari ndilo linalokula.

Sasa ukubwa wa upungufu wenyewe unaanza kusema. Kushuka kutoka 12 hadi 9 ni robo nzima. Kuna makosa yanayoweza kuleta robo na kuna yasiyoweza, na kujua tofauti hiyo kunaokoa pesa nyingi kwenye duka la vipuri. Upepo mdogo wa matairi, kwa mfano, hulaumiwa kila mara. Hesabu ya Idara ya Nishati ya Marekani ni kwamba kila psi 1 inayopungua kwenye matairi yote hupoteza kama asilimia 0.2 ya mafuta. Matairi yaliyopungua psi 10 yote manne ni hatari na yataisha upesi, lakini yameiba kama asilimia 2 tu. Yajazwe, ila utafutaji usiishie hapo.

Chujio la hewa nalo hivyo hivyo. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima jambo hili mwaka 2009 na kukuta kwamba kwenye magari ya kisasa ya petroli, yanayoongozwa na kompyuta, chujio lililoziba hupunguza uwezo wa gari kuongeza mwendo lakini karibu haligusi kilomita kwa lita. Kwenye gari la zamani la kabureta ni habari nyingine, hapo hula. Barabara zetu zina vumbi na chujio libadilishwe kwa wakati, lakini anayelibadilisha akitarajia kurudishiwa robo ya mafuta yake atavunjika moyo.

Vile vile kabla ya kugusa injini ikumbukwe ni nini kilichobadilika wiki ile upungufu ulipoanza. Matairi mapya makubwa kuliko ya zamani? Tairi lenye mzunguko uliozidi kwa asilimia 5 hulifanya gari lihesabu kilomita pungufu kwa asilimia 5 hivi, na mafuta huonekana yamepotea ilhali yameliendesha gari mbali zaidi ya inavyoandikwa. Keji mpya ya chuma juu ya bodi? Njia mpya yenye mlima? Kufunga gia ya magurudumu manne wakati wa matope na kusahau kuifungua? Haya yote ni ya kuuliza tu, hayana gharama.

Kisha mafuta yanayomwagika. Usiku mmoja kipande kikubwa cha katoni kiwekwe chini ya injini na kingine chini ya tangi. Dizeli haikauki upesi, asubuhi itaacha doa lenye mafuta. Petroli hukauka, kwa hivyo pua ndiyo ya kuaminiwa zaidi kuliko jicho, na asiwepo mtu mwenye kiberiti au sigara karibu. Mipira midogo ya kurudisha dizeli kutoka kwenye nozeli huvuja mara nyingi gari likizeeka, tena huvuja injini ikiwa inanguruma tu, hivyo katoni peke yake haitoshi. Injini iwashwe na mtu atazame kwa tochi.

Kama hakuna kinachovuja, mafuta yanachomwa, na nguvu yake inaenda mahali. Hapa ndipo breki huingia, na hapa panastahili muda mrefu kuliko pengine pote, kwa sababu breki inayoshika ndiyo inayosahaulika zaidi na ndiyo inayoua.

Breki inayoshika kidogo haisimamishi gari. Dereva huona tu kwamba gari ni zito, haliendi lenyewe likiachwa huru, linataka gia ndogo mapema mlimani. Injini inasukuma, breki inazuia, na mafuta ya kazi hiyo bure hugeuka joto kwenye gurudumu. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kizuizi kidogo tu kinachotosha kupoteza robo ya mafuta hutoa joto linalolingana na jiko la umeme lililowashwa muda wote. Joto hilo ndilo linalofanya ugonjwa huu upimwe bila mashine.

Dereva aende kilomita kumi hivi kwenye barabara iliyo tambarare, akikanyaga breki kidogo iwezekanavyo, kisha aache gari lipungue mwendo lenyewe na kusimama. Ashuke, asogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa, maana inaweza kuunguza. Magurudumu mawili ya mbele yalinganishwe yenyewe kwa yenyewe, na ya nyuma vivyo hivyo. Gurudumu moja likiwa moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, utafutaji umekaribia kwisha. Kisha gari lipandishwe jeki mahali salama, na magurudumu mengine yazuiwe kwa mawe. Gurudumu lenye joto lizungushwe kwa mkono, gia ikiwa huru na breki ya mkono imeachiliwa. Kusugua kidogo kwa pedi ni kawaida. Gurudumu linalokataa kuzunguka, au linalosimama mara tu mkono unapoliacha, si la kawaida.

Fundi mzuri hatakimbilia kununua kalipa nzima. Atafungua kidogo nati ya kutolea hewa kwenye gurudumu hilo. Gurudumu likiachia papo hapo, mafuta ya breki yalikuwa yamenaswa yakiendelea kukandamiza. Hapo anayeshukiwa ni mpira wa breki, ambao ukizeeka huvimba ndani na kuyazuia mafuta yasirudi ingawa nje unaonekana mzima. Kama magurudumu mengi yameshika kwa pamoja, pampu kubwa ya breki ndiyo ya kutazamwa. Gurudumu lisipoachia, kilichokwama ni chuma: pini za kalipa zilizoota kutu, au pistoni iliyoingia matope baada ya mpira wake wa kuzuia vumbi kuchanika. Kwa magurudumu ya nyuma, mara nyingi ni waya wa breki ya mkono uliokwama kwa kutu, au breki iliyokazwa mno siku ya kubadilisha laini. Mpira wa breki na kusafisha pini ni kazi ndogo. Kalipa mpya ni pesa nyingi, na kalipa kuukuu iliyotolewa kwenye gari lingine inaweza kuja na ugonjwa ule ule.

Jambo hili lisicheleweshwe mpaka mwisho wa mwezi. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kwa muda kiwango hicho kinaweza kushuka hadi kama nyuzi 140. Gurudumu linaloshika breki kutoka Kinangop linafika kwenye mteremko wa Naivasha likiwa tayari moto. Yakichemka hapo, kanyagio hushuka hadi sakafuni bila breki, na nyuma kuna tani moja ya viazi inayosukuma.

Kwa mama wa mfano wetu, gurudumu la mbele la kushoto ndilo lililokuwa moto na pini mbili zilikuwa zimekwama. Baada ya matengenezo, tangi lililofuata lilimpa kilomita 708 kwa lita 60, yaani 11.8. Dereva akabaki kazini.

Si kila mara huwa breki. Magurudumu yote yakiwa baridi sawasawa, injini ndiyo inayofuata, na kwa kaunti yenye baridi kama hii kuna kifaa kimoja cha kutazama mapema: themostati. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, kwa injini nyingi nyuzi kama 82 hadi 88. Ikikwama wazi, injini haipati joto kamwe. Kompyuta ya gari la petroli hudhani ndiyo kwanza limewashwa asubuhi na kuendelea kumimina mafuta ya ziada. Mshale wa joto ukikaa chini hata baada ya nusu saa ya safari, au kipasha joto cha ndani kikitoa hewa ya uvuguvugu tu, hiyo ndiyo dalili. Kwenye mashine ya kusomea kompyuta mara nyingi hutokea namba P0128.

Na hapa kuna desturi moja ya gereji ambayo haifai. Gari likichemsha, baadhi ya mafundi huing'oa themostati kabisa na kumwambia mwenyewe kwamba haina kazi katika nchi ya joto. Alfajiri ya Ol Kalou, zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, si nchi ya joto. Gari lililochemsha mwaka jana na sasa linakunywa mafuta lifunguliwe pale themostati inapokaa, ionekane kama imo.

Moshi nao una lugha yake. Moshi mweusi kwenye dizeli maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa: nozeli imechoka, au mpira wa hewa kati ya tabo na injini umepasuka, jambo ambalo mara nyingi huja na mlio wa kupuliza na kukosa nguvu. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Mweupe unaoendelea hata injini ikiwa moto, wenye harufu kali ya dizeli, ni mafuta yasiyochomeka. Klachi inayoteleza haina moshi, ila mlimani injini hupiga kelele na gari haliongezi mwendo.

Kwenye petroli, sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi ikifa inaweza kula sana, na Idara ya Nishati ya Marekani hutaja hadi asilimia 40 kwa ile iliyoharibika vibaya. Taa ya injini kwenye dashibodi basi isifunikwe kwa utepe wala kufutwa tu kwa mashine. Lakini namba inayosomwa na mashine huonyesha mahali pa kutafuta, haimwambii mtu anunue nini. Sensa nyingi hubadilishwa zikiwa nzima, kosa likiwa waya uliokatwa na panya.

Yanabaki mafuta yenyewe na pampu yaliyotoka. Kuchanganya dizeli na mafuta taa kulikuwa biashara kubwa mpaka mwaka 2018, ushuru wa Sh18 kwa lita ulipowekwa juu ya mafuta taa ili kuondoa faida hiyo. EPRA pia huhakikisha mafuta taa na yale yanayopita kwenda nchi jirani yanatiwa alama ya kikemikali, ndipo uchanganyaji ugunduliwe kwa vipimo. Hata hivyo mafuta taa yana nguvu pungufu kwa asilimia chache tu kwa lita, kwa hivyo mchanganyiko peke yake hauwezi kupoteza robo. Ubaya wake mkubwa ni kuikosesha pampu ya dizeli ulainisho, na huo unalipwa baadaye kwa fundi.

Pampu inayopunja ni jambo la kaunti moja kwa moja. Maafisa wa mizani na vipimo hukagua kila pampu ya mafuta kwa chombo cha lita 20 kilichothibitishwa, na pampu iliyopita hupigwa muhuri. Anayeshuku asiridhike na tangi kuonekana dogo. Akijaza kwenye vituo viwili tofauti kwa zamu, matangi mawili mawili, na kituo kimoja kikatoa kilomita chache kila mara kwa gari lile lile na njia ile ile, hapo ana jambo la kupeleka. Aje ofisi ya biashara ya kaunti na risiti zenye lita, tarehe na saa, namba ya pampu iliyotumika, na daftari lake la kilomita. Afisa akiwa na namba ya pampu hahitaji kukagua kituo kizima, huenda moja kwa moja kwenye bomba lile.